Rimu Iliyogongwa Haraka

Leokadia alinipigia simu nikiwa uani napepeta maharage. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu, hamjambo huko?" Akanyamaza. Mtu akikusalimia kisha akanyamaza namna ile, huna haja ya kuambiwa zaidi. Niliweka ungo chini, nikakaa juu ya kinu kilichopinduliwa, nikasema, "Mama?" Akasema, "Mama ametutoka, alfajiri hii." Tukalia wote wawili, kila mtu upande wake wa simu. Alipojipangusa aliniambia jambo lililonifanya nisahau kulia. Mama yake ameacha neno: kabla hajazikwa, ile rimu ya lori ya zamani pale shuleni igongwe, igongwe haraka haraka bila kupumzika, na mimi ndiye nigonge. "Mimi? Kwani huko wanaume wamekwisha?" "Amesema wewe. Amesema, 'Mwarimu ana mkono wa kuchapa watoto, ataweza.'" Nikacheka huku machozi yanaingia mdomoni. Ndivyo alivyokuwa Mama Leokadia, hata kufa kwake ilibidi akutanie. "Na amesema tusimwambie mtu kijijini habari ya rimu," Leokadia akaongeza. "Anataka kuona kama watakuja."

Watu wananijua mimi ni mwanamke mkali. Nimefundisha mpaka nikafundisha wajukuu wa wanafunzi wangu, na hapa Murusagamba mtoto akisikia nakohoa hushika daftari. Lakini niseme ukweli, sauti ya chuma kikigongwa haraka siiwezi. Fundi akinyoosha bati jirani, nafunga mlango. Mwaka fulani walinunua kengele ya shule, nikamwambia mwalimu wa zamu, "Gonga taratibu, baba, shule haiungui," na walimu wenzangu wakacheka, wakadhani ni madaha ya uzee. Sikuwaeleza. Njia nzima ya kwenda Biharamulo, na kutoka Biharamulo kwenda upande wa Bisibo, nilikuwa nimekumbatia mkoba wangu na kujiuliza maswali mawili tu: kama mkono wangu utathubutu, na kama kuna mtu atakayekuja. La kwanza lilikuwa juu yangu. La pili ndilo lililonitisha, kwa sababu lilishawahi kuulizwa mara moja, siku ya Krismasi, na jibu lake nililiona kwa macho yangu.

Mwaka ule, mwaka wa vita, nilikuwa binti aliyemaliza darasa la saba juzi tu. Serikali ilitaka watoto wote waingie shule, walimu hawakutosha, basi sisi tukaokotwa tulivyo, tukapewa chaki. Walimu wa UPE. Watu hawakuwa na huruma. Walisema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu, na wengine walikuambia usoni huku wakikukaribisha kiti. Nilipelekwa kijiji cha ujamaa ambacho nyumba zake zilikuwa zimepangwa mistari miwili mirefu, migomba nyuma, shule upande mmoja, na upande wa pili, mbali, ghala na zahanati vikiwa vimeegemeana. Kiswahili kilikuwa cha darasani na cha mkutano. Majumbani walisema Kisubi, nami na Kihangaza changu nilielewa nusu, nusu nikabahatisha. Nikapangiwa kukaa kwa Mama Leokadia. Alinitazama toka kichwani mpaka miguuni, akamgeukia mumewe: "Huyu ndiye mwarimu? Huyu si wa kufundishwa huyu?" Kisha akanipa bakuli la uji, akanionyesha chumba changu.

Chumba chenyewe kilikuwa cha pembeni, kitanda cha kamba, msumari wa kutundikia gauni, na dirisha la ubao lililofunguka jikoni, hivyo moshi wote wa nyumba ulipita kwangu kwanza. Ukuta haukufika juu. Usiku na mchana, neno lililosemwa chumba cha pili lilikuwa neno langu pia. Nilijua Leokadia, aliyekuwa mtoto wa chekechea, anaota nini. Nilijua Sospeter, baba wa nyumba, alikuwa anasali rozari na kusinzia katikati, na mkewe akimpiga kiwiko: "Umemwacha Mama Maria barabarani." Sospeter alikuwa nyapara wa kikosi cha kuzima moto wa msitu. Usisikie kikosi ukafikiri magari mekundu. Kikosi kilikuwa watu watatu: yeye mwenyewe, na Ramadhani, na kijana mmoja mlafi aliyeitwa Deo. Kazi yao ilikuwa kufyeka njia za moto kabla ya kiangazi, na moto ukitoka, kuupiga kwa matawi mabichi. Pampu ya mkono walikuwa nayo moja, na Deo alisema inatema mate kuliko maji.

Chakula walikula kwetu. Ndizi na maharage, ugali wa muhogo, na siku ya kuku ilikuwa lazima Ramadhani achinje, maana ndivyo kijiji kilivyokuwa: nyumba ya Mkristo iliyotaka kula pamoja na Mwislamu ilimwita yeye ashike kisu, ili asiwepo wa kukaa pembeni akitazama wenzake. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, mwenye maswali mengi. Sospeter alikuwa akisema, "Ramadhani angekuwa peponi angemuuliza malaika mlango wa kutokea uko wapi." Naye Ramadhani hujibu, "Si ndiyo, nyapara? Unaingiaje mahali hujui pa kutokea?" Wakacheka, Deo akitumia nafasi hiyo kuchota mboga. Mimi nilikaa kwenye mkeka na Mama Leokadia, tukila chungu chetu, na sijawahi tena kula kwa raha namna ile, hata kwangu mwenyewe.

Sasa hiyo rimu. Ilikuwa rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwa mnyororo kwenye mkaratusi wa shule, na kipande cha nondo kando yake. Ikigongwa taratibu, ngo, ngo, ngo, ni wito wa mkutano au shamba la kijiji. Ikigongwa haraka bila kupumzika, ni moto. Niliisikia mara ya kwanza mwezi wa saba, nyasi zimekauka, moto umetoka msituni unakuja kwenye nyumba. Mama Leokadia ndiye aliyekuwa karibu, akagonga. Yesu na Maria! Sikuwahi kuona watu wakitoka vile. Walitoka mashambani na majembe, walitoka kisimani na ndoo vichwani, na wanaume walikata migomba, wakaja mbio na vigogo vyake begani, vikichuruzika. Sospeter alikuwa akisema mgomba ni maji yaliyosimama. Walivirusha vigogo kwenye moto, wakapiga kwa matawi, wanawake wakimwaga maji na kutukana moto kama mtu. Ukafa kabla ya kufika paa la kwanza. Jioni tulikaa tumepakaa masizi, mwenyekiti wa kijiji, Zakaria, akatoa pombe ya ndizi, na Sospeter akainua kata akasema, "Kijiji hiki mtu haungui peke yake." Nilijiona nimefika mahali pa watu.

Kisha vita vikaja. Vilikuja kwanza redioni, dukani, watu wamesimama hawanunui kitu. Nduli ameingia, amevuka, amechoma. Kisha vikaja kwa miguu, watu kutoka kaskazini na godoro kichwani na mbuzi mmoja. Kisha sabuni ikapotea, chumvi ikapotea, vijana wakachukuliwa mgambo. Ulikuwa msimu wa senene na hatukukamata, kwa sababu taa zilikatazwa, na senene hufuata taa. Nakumbuka Deo akilalamika kwamba adui amemnyang'anya hata mdudu wake. Tulicheka, lakini kilikuwa kicheko cha kooni. Niliogopa kila kitu mwaka ule. Niliogopa lori likipita, niliogopa likinyamaza. Shuleni tulichimba mahandaki, na mvua za vuli zilipokolea yakajaa tope mpaka vifundoni. Nikawafundisha watoto kuimba a-e-i-o-u wakiwa wamechuchumaa humo ndani, ili siku yenyewe wasilie. Wao waliona mchezo. Mimi nilikuwa natazama mawingu.

Mkufunzi wa mgambo alipokuja, tuliitwa mkutano. Alikuwa mtu wa haraka, ana vijiji vingi vya kupitia. Aliuliza, "Mna alama gani inayosikika kijiji kizima?" Zakaria akasimama, akasema kwa fahari, "Tuna rimu, afande. Ya moto. Ikilia haraka kila mtu anasikia." Afande akasema, "Vizuri. Kuanzia leo, ikilia haraka ni ndege. Kila mtu handakini, hakuna kutoka, hakuna kuchungulia, mpaka isikike taratibu. Atakayetoka kabla nitamshughulikia mwenyewe." Watu wakaitikia. Ndipo Ramadhani akanyoosha mkono huko nyuma, na watu wakaanza kucheka hata kabla hajafungua kinywa. "Samahani, afande. Na moto je? Moto ukitoka tutagonga nini?" Afande akamtazama mwenyekiti. Zakaria akasema, "Wewe Ramadhani, moto wa mvua umeuona wapi? Moto ni wa kiangazi! Kiangazi kikifika vita vimekwisha, tutarudishiwa rimu yetu." Mkutano mzima ukaangua kicheko. Nami nilicheka, Mama Leokadia ubavuni mwangu akicheka na kujifuta macho kwa upande wa khanga. Ramadhani mwenyewe alitabasamu, akakaa. Alikuwa amezoea.

Wiki zilizofuata malori ya jeshi yalileta mapipa ya petroli, yakayashusha kwenye ghala letu, kwa kuwa tulikuwa kando ya barabara kuu na migomba ilificha paa. Ghala lilipakana na zahanati, ukuta kwa ukuta. Kikosi cha moto kikaambiwa kilinde, maana hakukuwa na kikosi kingine. Wakapewa ndoo za mchanga. Jioni moja, nikiwa nasahihisha madaftari kitandani, nilisikia Mama Leokadia akisema upande wa pili wa ukuta, "Waambie huwezi. Petroli siyo nyasi." Sospeter akasema, "Nitamwambia nani? Malori ya vita yataenda kwa nini, kwa maziwa ya mbuzi?" "Na mkizidiwa?" "Tukizidiwa si utagonga rimu." "Halafu?" "Halafu nini, mke wangu? Halafu watu watakuja. Lini hawajaja?" Akasema vile kwa usingizi, mtu anayejibu jambo lisilo na mjadala. Hakuna kati yetu watatu aliyekumbuka mkutano. Mungu ni shahidi, nilikuwepo, nina masikio, na halikunijia kichwani hata kidogo. Kijiji kilikuwa kimeishi na ile rimu miaka, na sheria mpya ilikuwa ya wiki tatu.

Krismasi ikafika na mvua. Alfajiri Ramadhani alikuja kuchinja mbuzi ambaye nyumba kadhaa zilichangia, akanawa mikono, akamwambia Sospeter, "Nyapara, nendeni kanisani wewe na Deo. Leo ni sikukuu yenu, ghala ni langu. Idi mtanilipa." Mama Leokadia akamwambia, "Nitakuletea nyama, na usiniulize ni ya mguu gani." Misa ilikuwa fupi. Katekista aliongoza maombi ya wanajeshi, na kila mama aliyekuwa na mtoto vitani alilia kwa sauti, kwaya ikaimba juu ya kilio. Baada ya Misa mvua ilikatika, jua likatoka, majani yakawa yanatoa mvuke. Mimi nilikwenda shuleni ambako watoto walikuwa wanafanya mazoezi ya ngonjera ya jioni. Nilimwacha Mama Leokadia jikoni akipakua. Sospeter alikuwa mkekani amevaa shati lake jeupe, sahani mapajani, na Deo ameshika mfupa kwa mikono miwili. Leokadia nilimshika mkono nikaondoka naye, alitaka kuimba na wakubwa.

Tulikuwa kwenye ubeti wa pili rimu ilipolia. Ilikuwa juu ya vichwa vyetu, maana mkaratusi ulikuwa pale pale uani, lakini mgongaji sikumwona, kwa kuwa sikumtazama. Nilitazama juu. Ndivyo tulivyofundishwa. Haraka, haraka, bila kupumzika, na upande wa pili wa kijiji moshi mweusi ulikuwa umeshapanda, mweusi usio wa nyasi, mnene. Nikasema moyoni, wameshapiga, wameshafika. Nikapiga kelele, "Handakini!" Nikawasukuma wale watoto, nikawapa wakubwa wale wadogo wawashike, nikaingia mwisho, tope likanifika magotini, nikamlalia Leokadia. Kijiji kizima kilikuwa kikikimbia. Niliwasikia wakipita: miguu, vyungu vikianguka, mtu akiita "Njoni huku! Huku!" na wote wakielekea mbali na moshi. Na rimu ikizidi, na kama mgongaji alikuwa akipaza sauti, chuma kiliimeza. Kila ilipozidi kulia, sisi tulizidi kuinama. Kisha mlipuko. Ardhi ilitetemeka, tope likatucheza miguuni. Mtoto mmoja akaanza a-e-i-o-u peke yake, bila kuambiwa, na wote wakaungana naye, wanaimba wamefumba macho. Nilijikojolea. Nasema wazi, mimi mwalimu wao nilijikojolea, na sijui mtu mwenye akili ambaye asingefanya hivyo.

Katikati ya yote rimu ikanyamaza. Kimya hicho kilikuwa kibaya kuliko kelele. Nilifikiri wamemuua mgongaji. Ikapita kitambo, kisha ikaanza tena, taratibu. Ngo. Ngo. Ngo. Adui ameondoka! Loo, furaha ile sitaisahau, na sijisamehi kwamba niliifurahia, ingawa sikuwa na njia ya kujua. Watu walichomoza kwenye mahandaki, kwenye migomba, wakikumbatiana. Nilimsikia Zakaria akisema, "Tumepona! Mungu amezaliwa leo, tumepona!" Mwanamke mmoja akapiga vigelegele, na wengine wakaanzisha ule wimbo wa asubuhi. Nikapanda kutoka shimoni na Leokadia mgongoni, gauni langu la sikukuu limeganda tope, nami nacheka. Ndipo nikamwona mgongaji. Alikuwa Mama Leokadia. Alikuwa ameegemea mti, nondo mkononi, viganja vimechubuka damu, na alikuwa anatutazama tukija kwake tunaimba.

"Mlikuwa wapi?" akasema. Hakupaza sauti. Wimbo ukafa mtu mmoja mmoja, kadiri watu walivyomfikia. "Nimegonga. Nimegonga mpaka mkono umekufa, hauinuki ila polepole. Mlikuwa wapi?" Nikamwona Zakaria akitazama moshi, kisha rimu, kisha moshi tena, na uso wake ukabadilika rangi. Hakukuwa na ndege yoyote. Kulikuwa na petroli iliyovuja na kitu kilichoiwasha. Wengine walisema sigara ya dereva, wengine cheche za lori, mimi sijui na sitasingizia mtu. Watu wakaanza kukimbia sasa, kuelekea moshi. Walichukua ndoo. Wanaume walikata migomba njiani kama mwezi wa saba, wakafika na vigogo begani, wakasimama navyo. Paa la ghala lilikuwa chini. Hapakuwa na cha kurushia kigogo.

Mambo ya ndani tuliyasikia kwa Anastazia, mama aliyekuwa amejifungua alfajiri hiyo pale zahanati. Wagonjwa wenye miguu walisikia rimu wakaenda handakini, kama sheria ilivyosema. Wasioweza kutembea walibaki: yeye na mtoto wake, mzee mmoja aliyevunjika mguu, na mama wa homa. Ramadhani ndiye aliyeingia kwanza, akambeba mzee mgongoni. Kisha Sospeter na Deo wakafika wakihema, Deo bado ana mafuta ya nyama kidevuni, wakamtoa mama wa homa, wakamtoa Anastazia na kitanda chake, wakawaweka chini ya migomba. Wangeweza kuishia hapo. Lakini mapipa yalikuwa yameegemea ukuta wa zahanati, yakilipuka moto ungefika mpaka pale migombani, na wagonjwa wale hawakuwa na mtu mwingine wa kuwasogeza. Anastazia alimsikia Deo akisema, "Nyapara, tuwabebe tuwapeleke mbali zaidi." Na Sospeter akajibu, "Tuyaviringishe mapipa kwanza. Wa kubeba wanakuja, rimu hiyo inalia." Ramadhani akageuka akasikiliza. Anastazia anasema alisimama kabisa, ndoo ya mchanga mkononi, akasikiliza ile rimu, halafu akasema polepole, "Nyapara, hawaji." Sospeter akasema, "Watakuja." Ramadhani hakubishana. Akaweka ndoo chini, akaingia pamoja nao. Waliviringisha mapipa mengi, yale ya ukutani karibu yote. Lililolipuka lilikuwa la ndani kabisa, mbali na zahanati. Wagonjwa wote walipona.

Ramadhani alizikwa siku ile ile kabla jua halijazama, na wachimba kaburi walikuwa Wakristo wengi kuliko Waislamu, kwa kuwa Waislamu walikuwa wachache. Sospeter na Deo tuliwazika kesho yake. Mama Leokadia hakulia mbele za watu. Nyumbani alinyanyua ile sahani mkekani, nyama imeganda mafuta, hakujua aiweke wapi, akazunguka nayo jikoni mpaka nikampokonya. Usiku, juu ya ule ukuta, nilimsikia akisema maneno yale yale. "Ni mkono wangu. Mkono wangu ndio uliowafukuza." Nikamjibu kutoka kitandani kwangu, "Hapana, mama, tulikuwa wote kwenye mkutano." Akasema, "Ningegonga taratibu wangekuja." Nikasema, "Mtu hagongi moto taratibu." Akasema, "Lakini yeye alikufa akiniamini mimi, mwarimu. Na nyie." Nilikuwa na miaka kumi na minane, nikajifunika shuka kichwani.

Vita vikaisha, rimu ikarudishwa kuwa ya moto, ikatangazwa mkutanoni. Hakuna aliyeigonga haraka tena. Moto ukitoka watu walipiga yowe, au walituma mtoto. Mimi nilihamishwa kwetu Ngara, lakini kila nilipomtembelea nilimkuta na jambo moja, Krismasi baada ya Misa anakwenda kusimama pale kwenye mkaratusi, ameshika ile nondo, anasimama tu. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja na mizani yao, akawafukuza kwa fimbo. Nikamuuliza siku moja, "Mama, mbona hugongi, roho yako ikatulia?" Akanikata jicho. "Na wasipokuja? Nitaishi na hilo mara mbili?" Basi akangoja mpaka asiwepo ndipo swali hilo liulizwe. Mjanja yule mama. Hofu yake akaniachia mimi.

Asubuhi ya mazishi tulishuka na Leokadia mapema, watu wengi bado makwao, wanafungulia mbuzi na kuchota maji. Shule imehamia juu, pale pamebaki mti na nyasi. Leokadia akanikabidhi nondo. Ilikuwa nyepesi kuliko nilivyodhani. Nikasema, "Wakija vijana wakatucheka?" Akasema, "Gonga, Mwalimu." Nikagonga. Ya kwanza ilinipita mwilini mzima, nikashika mti kwa mkono wa kushoto nikaendelea kwa wa kulia, haraka, haraka, bila kupumzika, macho nimefumba maana nilikuwa tena shimoni, nasikia tope. Sikuona mtu. Nilipofumbua kulikuwa na ukungu tu na jogoo. Leokadia alikuwa ameziba mdomo kwa khanga. Nikamwambia, "Hawaji." Nikasikia sauti yangu ikisema neno la Ramadhani, na nikaogopa kuliko siku zote za maisha yangu, nikagonga kwa hasira sasa, nikimtukana kila mtu wa kijiji kile kwa jina la mama yake.

Aliyetokea kwanza alikuwa mzee Zakaria. Sikumtambua mara moja. Mgongo umepinda, miguu mitupu, amevaa kaptula ya kulalia, na begani ana kigogo cha mgomba kimekatwa sasa hivi, utomvu unamchuruzikia kifuani. Alikuwa anakimbia. Nasema kukimbia, ingawa mtoto angempita akitembea. Nyuma yake wakatokea wanawake na ndoo, kijana wa pikipiki na madumu mawili yanamwagika, wasichana wa sekondari, wazee wenzake na mapanga, watu ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka ule, ukungu unawatapika tu. "Moto uko wapi?" vijana wakauliza. "Mwalimu, moto uko wapi?" Sikuweza kuacha kugonga. Zakaria akafika mpaka miguuni pangu, akashusha kigogo chake chini, akahema kwa muda mrefu ameshika magoti. Kisha akainua uso kuelekea kwenye nyumba ya msiba, akasema kwa Kisubi, na neno hilo nililielewa lote: "Mama Leokadia, tumekuja."

Nikaacha kugonga. Maji yalikuwa mengi, watu hawakujua wayapeleke wapi, basi Leokadia akawaambia wayapandishe nyumbani kwa mama. Yalipikiwa chai ya wafiwa, yakatosha na kubaki.